Anayeambiwa ‘futa akiba’ ana haki ya kusita

Jumamosi moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la fundi wa simu karibu na steji ya Munyaka, hapa Eldoret, nikingoja kioo cha simu yangu kibadilishwe. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja anayeuza mboga ng’ambo ya barabara. Lalamiko lake ni la kila siku: simu imekuwa nzito, akifungua kitu inakwama, akitaka kupiga picha inamwambia nafasi hakuna. Fundi, kijana mwenye adabu zake, aliingia kwenye mipangilio, akateremka mpaka penye vitufe viwili, kisha akamgeuzia simu.

“Mama, bonyeza hapo penye ‘Futa akiba’, itapumua kidogo.”

Mama alisoma, akasoma tena, kisha akaichukua simu na kuibana kifuani.

“Futa akiba? Hapana, kijana wangu. Pesa za chama ziko humu, na mimi ndiye mweka hazina.”

“Si pesa, mama. Hiyo ni akiba ya simu.”

“Simu imeanza kuweka akiba lini, na mimi ndiye naiwekea kredo?”

Tulicheka sote, yeye akicheka kuliko sisi, lakini kubonyeza hakubonyeza. Fundi alieleza mara ya tatu, akachoka. Mwishowe alibadilisha lugha ya simu kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, akamwonyesha neno ambalo mama hakulijua hata kidogo, na kwa kuwa halikumtisha akaridhia libonyezwe. Kazi ikaisha.

Nimekaa na kisa hiki kwa wiki kadhaa. Sisi walimu wa Kiswahili tumekula miaka mingi tukidai kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi. Pale Munyaka nilishuhudia Kiswahili kikiondolewa kwenye simu ili kazi ifanyike, na kiliondolewa kwa sababu mwenye simu alikijua vyema. Mama hakukosea. Alisoma neno akalielewa kama linavyoeleweka na kila mtu. Aliyekosea ni yule aliyeliweka pale.

Akiba ni nini? Ni kile unachokiweka kando usikiguse, mpaka siku ya haja. Methali inasema akiba haiozi, na maana yake ni kwamba kinaweza kukaa muda mrefu bila kutumika na thamani yake isipungue. Akiba iko mbali na mkono kwa makusudi: benkini, kwenye chama, chini ya godoro. Ukiipoteza umepoteza kitu ambacho huna kingine mfano wake.

Sasa tazama kile ambacho wahandisi wa kompyuta wanakiita kache. Kache huwekwa karibu na mkono, kwa makusudi vilevile. Vilivyomo ni vile vinavyoguswa kila mara. Kisichoguswa hutolewa upesi kupisha kingine. Tena vilivyomo, kwa kawaida, ni nakala. Asili iko kwingine, imetulia, na ukiifuta nakala hujapoteza ila muda wa kwenda kuileta tena. Kwa ufupi, kila sifa inayoifanya akiba iwe akiba, kache inayo kinyume chake. Ni vigumu kupata neno la Kiswahili ambalo lingekuwa baya zaidi.

Hebu tumtumie mama huyohuyo kulieleza jambo hili. Juu ya meza yake pana mafungu machache ya sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Nyuma yake kuna gunia. Nyumbani kuna magunia mawili zaidi, na kule soko kuu la mjini kuna mzigo usiohesabika. Mteja akija, mama haendi sokoni. Anachukua kilicho mezani. Mafungu ya mezani yakiisha, anageuka kwenye gunia. Meza ni ndogo na lazima iwe ndogo, maana ikiwa pana kama soko, mkono hautafika mwisho wake. Meza hiyo ndiyo kache. Je, kuna mtu aliyewahi kuita meza ya mama mboga akiba?

Umbali huo ndani ya mashine haufikiriki kwa akili ya kawaida, kwa hiyo tuukuze. Chukua nanosekunde, yaani sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, uifanye iwe sekunde kamili. Kwa kipimo hicho, data iliyo kwenye kache ya karibu kabisa na prosesa hufika baada ya sekunde moja au mbili. Iliyo kwenye RAM hufika baada ya sekunde mia moja hivi, muda wa kutosha kumenya kitunguu. Iliyo kwenye hifadhi ya kudumu, ile ambayo wauzaji huiita ‘sitini na nne’ au ‘mia ishirini na nane’, inaweza kuchukua siku nzima na zaidi. Ukiijua tofauti hiyo utaelewa kwa nini wahandisi wamejenga ngazi kwa ngazi badala ya kuwa na ghala moja kubwa, na kwa nini simu iliyojaa hukwama.

Kuna watakaonisahihisha hapa, na wana haki. Kache ambayo mama aliambiwa aifute si ile ya ndani ya prosesa. Hiyo haifutwi kwa kidole. Ni kache ya programu, yaani picha na kurasa ambazo simu ilikwisha kuzipakua kutoka mtandaoni ikazishika kwenye hifadhi ili isizipakue tena. Ngazi ni tofauti lakini mantiki ni ileile: nakala iliyo karibu kwa ajili ya kitu kilicho mbali. Na katika ngazi hiyo gharama ya kufuta si muda tu. Picha zilizofutwa zitashuka upya kwa bando la mwenye simu. Jambo hilo neno ‘akiba’ halikumwambia mama. Lilimtisha kuhusu hasara isiyokuwapo na kumficha ile iliyokuwapo.

Mafundi wenyewe wana neno lao. Nilimuuliza yule kijana wao huiitaje, akasema, “Sisi husema takataka, prof. Simu imejaza takataka.” Neno hili linaeleweka mara moja, na angalau halimtishi mtu. Lakini nalo lina uongo wake, kwa sababu kache haiwi taka. Anayeifuta kila jioni akidhani anafagia, anaifanya simu yake ianze kila asubuhi na meza tupu.

Nisieleweke vibaya kwamba Waingereza walizaliwa na neno lao mdomoni. Mwaka wa 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha makala fupi akieleza wazo la kuwa na kumbukumbu ndogo ya kasi mbele ya ile kubwa iliyo polepole. Jina alilolipa ni ‘kumbukumbu mtumwa’. Ashukuriwe Mola jina hilo halikushika, maana sijui sisi wa pwani hii ya Afrika tungelitamkaje darasani. Miaka mitatu baadaye, IBM ilipoleta mashine yake ya System/360 Model 85, wahandisi walikuwa wakisema ‘bafa ya kasi kubwa’. Ni mhariri wa jarida la kampuni aliyeliona jina hilo kuwa zito, na ndipo lilipochaguliwa neno lenye asili ya kitenzi cha Kifaransa, cacher, yaani kuficha. Lilifaa, kwa sababu kache imefichika: mwandishi wa programu haioni, haina anwani zake yenyewe, inafanya kazi chini kwa chini.

Lakini neno hilo la Kifaransa lilipoingia Kiingereza lilikuwa na maana nyingine ya zamani: shimo au maficho ya msafiri anayeacha chakula njiani ili akirudi akikute. Na hapo ndipo, nadhani, mtafsiri wetu alipoteleza. Alifungua kamusi, akakuta maficho ya chakula, akaandika akiba. Alitafsiri historia ya neno la watu wengine na kuiacha kazi ya kitu chenyewe. Kama ni tafsiri ya etimolojia, nampa alama zote. Kama ni istilahi ya kumwongoza mtu abonyeze au asibonyeze, nampa sufuri.

Mtaalamu wa Uganda, K. B. Kiingi, alitupa vigezo vya kupimia istilahi ambavyo wanafunzi wetu huvikariri kwa jina la PEGITOSCA. Mna usahihi, mna uangavu, mna uwezo wa kuzalisha maneno mengine, na kadhalika. Ninavikubali, ila kwa miaka mingi nimeona vikitumiwa mezani, wasomi wakiyapima maneno kwa maneno. Ningeongeza kipimo kimoja cha bencini kwa fundi: mtu wa kawaida akilisoma neno hilo, je, atafanya jambo sahihi?

Pendekezo langu ni kidaka. Wasomaji wa Lamu na Mombasa wanalijua. Kidaka ni kile kishimo kilichojengwa ndani ya ukuta, cha kuwekea vitu vidogo. Katika nyumba za mawe za Lamu zimo safu za zidaka kwenye chumba cha ndani, zenye kupambwa kwa sahani za Kichina, na Al-Inkishafi inayataja madaka hayo wakati nyumba za Pate zilipokuwa zimebaki magofu. Lakini mbali na fahari hiyo, kidaka cha kawaida ni mahali pa taa, kitana na kiberiti: kidogo, karibu, kinafikiwa bila kuinuka. Isitoshe, kina kitenzi cha kukifuata. Prosesa inadaka data. Tuseme ‘kidaka cha ngazi ya kwanza’, ‘kidaka cha programu’. Mwandishi wa menyu akiandika ‘Ondoa nakala za kidaka’, mama wa Munyaka huenda akauliza kidaka ni nini, lakini hataibana simu kifuani. Swali ni bora kuliko hofu.

Vijana wataniambia waseme ‘kache’ tu yaishe. Sina ugomvi nao. Neno geni lisiloeleweka lina heshima kuliko neno letu linalodanganya. Nimekwisha kulitumia mara kadhaa katika makala haya bila kufa.

Tuje kwenye anwani, na hapa malalamiko yangu yanageukia vitabu. Mwandishi akitaka kueleza anwani ya kumbukumbu, karibu kila mara hutoa mfano wa barabara yenye nyumba zilizopangwa, namba 1, namba 2, namba 3. Mfano huo ni wa London. Mgeni akitaka kuja Munyaka humpi namba ya nyumba. Unamwambia ashuke steji, apite kanisa, aulize kwa fulani. (Munyaka ni jina ambalo kwa Kikuyu lina maana ya bahati, na mgeni wa usiku huihitaji.) Lakini fomu ikikudai anwani, mkono unaandika wenyewe: S.L.P. namba fulani, 30100 Eldoret. Nyumba haimo kabisa katika anwani hiyo.

Mimi naona hiyo ni zawadi kwa mwalimu. Sanduku la posta lina namba isiyobadilika, na yaliyomo yanabadilika kila siku. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kompyuta hushindwa kulielewa, kutofautisha anwani na kilichomo. La pili ni kubwa zaidi. Mtu anaweza kuhama kutoka Munyaka hadi Langas, kutoka Langas hadi Kapsoya, na S.L.P. yake ikabaki ileile. Anaweza kutumia sanduku la shule au la kanisa pamoja na watu wengine, na mwalimu akajua barua ipi ni ya nani. Kwa maneno mengine, Mkenya amezoea tangu utotoni anwani ambayo si mahali. Ndiyo hiyo anwani inayotumiwa na kila programu ndani ya simu yako. Programu haijui data yake imelala wapi hasa kwenye RAM. Inajua namba yake tu, na mashine ina jedwali linaloonyesha namba hiyo leo iko wapi.

Jedwali hilo lingekuwa kubwa kupita kiasi kama lingeorodhesha kila baiti. Kwa hiyo kumbukumbu hukatwa vipande vilivyo sawa, vinavyoitwa kurasa, na ukubwa uliozoeleka ni baiti 4,096 kwa ukurasa. Chukua anwani ya biti 32. Inaweza kutaja mahali 4,294,967,296, yaani GB 4, na ndiyo sababu programu ya mashine za biti 32 haikuweza kuona zaidi ya hapo. Biti 12 za mwisho zinasema uko wapi ndani ya ukurasa. Biti 20 zilizobaki ni namba ya ukurasa, na kuna kurasa 1,048,576. Ni kama 30100 inavyotosha kuipeleka barua hadi posta ya Eldoret, kisha namba ya sanduku ikamalizia. Na kwa kuwa jedwali hilo huulizwa kila mara, nalo lina kidaka chake. Lakini hayo tuyaache.

Kila programu ina jedwali lake. Sanduku namba 1000 la programu ya pesa na sanduku namba 1000 la mchezo wa mtoto ni masanduku mawili tofauti, na mchezo hauna njia ya kawaida ya kuchungulia la mwenzake. Mama alihofia chama chake mahali pasipo na hatari. Ulinzi wake wa kweli uko hapa, katika jedwali ambalo hakuna menyu inayomwonyesha wala kitabu cha Kiswahili kinachomweleza.

Mpangilio wa ndani wa kidaka chenyewe pia una mfano wake nyumbani. Ingia chumba cha faili cha hospitali kubwa uone wanavyofanya: faili hupangwa kwa tarakimu za mwisho za namba ya mgonjwa. Namba ikiishia 47, karani huenda rafu ya 47 moja kwa moja, kisha husoma namba nzima kwenye jalada kuhakikisha ni mgonjwa yuyo huyo. Kidaka cha prosesa hufanya vivyo hivyo. Tuseme kina KB 32, kila mstari una baiti 64, na kila rafu ina nafasi 8: zitakuwa rafu 64. Biti sita za mwisho za anwani zinataja baiti ndani ya mstari, sita zinazofuata zinataja rafu, na zilizobaki ni lebo ya kuhakikishia. Nafasi zingekuwa moja moja kwa kila rafu, faili mbili zinazoishia 47 zingetoana kila wakati. Faili zingewekwa popote, karani angepekua chumba kizima. Nane ni mapatano.

Karani akilikuta faili, Kiingereza kinatumia neno la kugonga shabaha. Nimeona mswada mmoja wa tafsiri ukisema prosesa ‘imegonga kache’, nikadhani ni ajali barabarani. Ilhali Kiswahili kina jozi yake ya siku zote, pata na kosa. Kidaka kimepata, kidaka kimekosa. Ni maneno mafupi, na hata wacheza pata potea wanayaelewa.

Na hapo hapo kwenye kukosa ndipo penye mtego mwingine. Mwaka wa 1962, katika Chuo Kikuu cha Manchester, kikundi kilichoongozwa na Tom Kilburn kilizindua mashine iliyoitwa Atlas. Kumbukumbu yake ya kasi ilikuwa na nafasi ya maneno elfu 16 hivi, na nyuma yake palikuwa na ngoma ya sumaku, polepole lakini yenye nafasi ya maneno elfu 96. Wakazikata zote katika kurasa za maneno 512 na kuzifanya zionekane kama kumbukumbu moja. Programu ikitaka ukurasa ambao haupo kwenye sehemu ya kasi, mashine inasimama, inauleta kutoka kwenye ngoma, inautoa mwingine, kisha kazi inaendelea. Simu zetu bado zinaishi kwa wazo hilo.

Tukio hilo la kutoukuta ukurasa, Kiingereza kinaliita kwa neno linaloweza kuwa na maana ya hitilafu. Katika mswada uleule nilikuta ‘kosa la ukurasa’. Mwanafunzi akisoma hivyo ataamini kuna kitu kimeharibika na atatafuta wa kulaumiwa. Hakuna kilichoharibika. Ukurasa haukuwapo, umefuatwa, umeletwa. Kiswahili kina mzizi mmoja, -kos-, unaozaa matawi mawili: kosa, ambalo ni dhambi au hitilafu, na ukosefu, ambao ni kutokuwapo. Mtafsiri alikuwa na tawi sahihi mkononi akashika lile jingine. ‘Ukosefu wa ukurasa’ ungetosha, na mwanafunzi angejua kwamba mashine inafanya kazi yake.

Haya si mambo ya darasani tu, na ushahidi uko palepale kwenye maduka ya simu ya Eldoret. Muulize muuzaji simu ina ‘memori’ ngapi. Mmoja atakutajia RAM, mwingine atakutajia hifadhi, na neno ni lilelile. Sisi wasomi hatukusaidia. Tuliipa RAM jina la kumbukumbu, ilhali kwa Mkenya kumbukumbu ni za mkutano, zilizoandikwa na katibu zikathibitishwa na kuwekwa. Kumbukumbu la Torati ni kitabu kizima cha Biblia, kwa maana hiyohiyo ya lisilopaswa kusahauliwa. RAM husahau kila kitu stima ikikatika. Sipendekezi kulibadilisha neno hili. Limekwisha kukita mizizi, na hata Kiingereza kina tatizo hilo. Nadai tu kwamba hifadhi iitwe hifadhi daima, kumbukumbu iitwe kumbukumbu, na mwalimu asichoke kuzitenganisha.

Maana bila utengano huo, tangazo linaloandika ‘RAM nane’ halihojiwi. Siku hizi kuna simu nyingi zinazotangazwa hivyo na kwa maandishi madogo chini yake ukasoma nne kujumlisha nne. Nne za kwanza ni RAM. Nne za pili ni hifadhi iliyoazimwa, ambako kurasa zisizotumika sana hupelekwa zikae, kama ile ngoma ya Atlas. Kazi hiyo ina manufaa: programu uliyoiacha wazi jana haifungiki haraka. Lakini kumbuka kile kipimo cha sekunde mia na siku nzima. Kuzijumlisha nne hizo mbili na kusema nane ni kama mama mboga kuhesabu magunia ya sokoni kuwa yako mezani pake.

Wapo wanaoita kumbukumbu ya namna hii ‘kumbukumbu pepe’, kwa mfano wa barua pepe. Waliobuni barua pepe walifikiria kupepea na upepo. Sisi tunaokaa Uasin Gishu, kwenye mahindi, tunajua pepe nyingine: punje isiyo na kiini, inayopeperuka ukipeta. Kwa mara moja istilahi mbovu imesema kweli kuliko tangazo.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoinunua. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sijasikia vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, lakini naona vinakutana kwenye boksi la simu. Habari iliyoandikwa kwa neno linalopotosha haijatolewa. Na wa kulaumiwa hapa si watengenezaji wa simu peke yao, kwa kuwa wao huokota istilahi wanazozikuta. Vitabu vyetu vya Kiswahili vina orodha ndefu za msamiati wa tarakilishi: kipanya, baobonye, kiwambo. Mtoto anazikariri na kuzipata zote kwenye mtihani. Ni majina ya vitu vinavyoshikika. Kinachoendelea ndani, ambacho ndicho kinachomgharimu mzazi wake bando na pesa za simu mpya, hakimo.

Wiki iliyopita nilipita tena Munyaka kununua sukuma wiki kwa yule mama. Simu ilikuwa juu ya meza, kando ya nyanya. Nilimuuliza kama inafanya kazi vizuri. Akasema iko sawa, ila sasa ikimwandikia kitu lazima amwite mtoto aje amsomee, kwa maana tangu siku ile fundi hakuirudisha kwenye Kiswahili, na yeye hajui pa kubonyeza.